Kiumbe, Lazima na Mkanamungu: Istilahi za Mjadala juu ya Kuwapo kwa Mungu

Tarehe 28 Januari, 1948, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza mjadala wa wanafalsafa wawili juu ya kuwapo kwa Mungu. Padre Frederick Copleston, Mjesuiti na mwandishi wa historia ya falsafa, aliitetea imani ya Kikristo. Bertrand Russell, mwanahisabati na mwanafalsafa, aliipinga. Mjadala huo ungali unasomwa hata leo. Hatukusudii kuamua hapa ni nani aliyeshinda. Tunakusudia kuonyesha kwamba baadhi ya maneno tuliyoyazoea yatauamua mjadala huo kabla haujaanza, endapo mfasiri atayatumia bila kuyapima. Na kwamba upendeleo wa namna hiyo haumfai hata yule anayeitetea imani.

Yafaa ikumbukwe kwamba jambo la kwanza walilolifanya mabwana hao lilikuwa ni jambo la istilahi. Kabla ya kutoa hoja yoyote walikubaliana maana ya neno Mungu: aliye mkuu, mwenye nafsi, asiye sehemu ya ulimwengu, na aliyeuumba ulimwengu huo. Kisha Copleston alimtaka mwenziwe aeleze msimamo wake. Russell alijibu kwamba hadai kuwa kutokuwapo kwa Mungu kwaweza kuthibitishwa.

Je, mtu huyo tumwite nani? Wengi watasema "mkanamungu". Neno hili limeundwa vizuri, lakini lina mzigo. Mshitakiwa akikana shitaka, huenda hana hatia. Bali ukisema fulani amemkana mtu, maana yake ni kwamba anamjua naye anakataa kumkiri. Petro alimkana Bwana wake, na alimjua sana. Kwa hiyo "mkanamungu" hudokeza kwamba Mungu yupo na mtu huyu anajitia kutomjua, na hilo ndilo hasa linalobishaniwa. "Kafiri" ni baya zaidi, kwani ni neno la kuhukumu, na wako wanaolitumia kwa Mkristo mwenyewe. Tunapendekeza "asiyesadiki kuwapo kwa Mungu" kwa yule asemaye Mungu hayupo, na "mwenye kuzuia hukumu" kwa yule asemaye, kama Russell, kwamba jambo hilo halithibitiki.

Tuingie sasa katika hoja yenyewe. Copleston alisema kwamba vitu tuvionavyo vyote vingaliweza kutokuwapo. Kwa hiyo havijielezi vyenyewe, na hatuna budi kufika kwenye kitu ambacho hakiwezi kutokuwapo. Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba viumbe vyote vyahitaji "kiumbe cha lazima". Hapo amefanya makosa mawili kwa neno moja. Kiumbe ni kilichoumbwa. Ukiviita vitu vya dunia viumbe, umekwisha kusema kwamba yuko aliyeviumba, na Russell hana la kujibu ila kunyamaza. Ukimwita Mungu kiumbe, umemvunjia Copleston hoja yake yote, kwa maana umemfanya Muumba kuwa miongoni mwa walioumbwa. Neno linalofaa ni "kilichopo". Halidai zaidi ya kuwapo.

Wako watakaoona kwamba "kilichopo" hakina heshima kwa Mungu, nao watapenda kuandika "aliyepo". Twawaomba wasubiri. Ngeli za Kiswahili zina nguvu ambayo Kiingereza hakina: kiambishi "a-" chatosha kumfanya anayetajwa kuwa na nafsi. Lakini hoja ya Copleston hufika kwanza kwenye kuwapo kwa lazima. Kwamba chenye kuwapo hivyo kina nafsi ni hatua nyingine. Mfasiri atumie "kilichopo" mpaka hatua hiyo ithibitishwe, ndipo ahamie "aliyepo". Msomaji ataiona hoja ikisonga mbele katika sarufi yenyewe.

Neno "lazima" lina tatizo la namna nyingine. Russell alidai kwamba ulazima ni sifa ya kauli, wala si sifa ya vitu. Kauli isemayo kwamba pembetatu ina pande tatu ni ya lazima, kwa kuwa kuikataa ni kujipinga. Lakini kusema kwamba kitu fulani kipo kwa lazima ni kusema maneno yasiyo na maana. Wako watakaoona heri kutumia neno moja kwa kauli na jingine kwa vitu. La hasha. Lawama ya Russell ni hiyo hiyo, kwamba neno limehamishwa kutoka mahali pake. Tukitumia maneno mawili, lawama yake haitaonekana. Basi na tuseme "kauli ya lazima" na "kilichopo kwa lazima", na kinyume chake "kilichopo kwa yamkini", tukieleza mwanzoni kwamba hatutilii shaka kuwapo kwake, bali twasema kingaliweza kutokuwapo.

Maneno haya si mageni katika kazi hii. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aligawanya vilivyopo katika mafungu hayo mawili. Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alizisoma kazi zake katika tafsiri za Kilatini. "Yamkini" yetu ni ya ukoo mmoja na neno alilolitumia Ibn Sina. Hakuna sababu Mkristo aone haya kulitumia, kwani kila siku husema imani, sala, dhambi na malaika, na yote hayo yana asili ya Kiarabu.

Mwisho ni neno "sababu". Russell alisema kwamba kila mtu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya wanadamu ina mama. Copleston alijibu kwamba hatafuti pete nyingine ya mnyororo ule ule, bali anauliza kwa nini mnyororo upo. Russell hakukubali kwamba swali hilo lina maana, na Copleston akamfananisha na mtu asiyetaka hata kuketi mbele ya ubao wa sataranji: hawezi kufungwa. Iwapo pote tutaandika "sababu", wawili hao wataonekana hawasikilizani. Tunapendekeza "kisababishi" kwa pete ya mnyororo, na "sababu toshelevu" kwa lile alilolitafuta Copleston, kwa kufuata kanuni ya Leibniz.

Huenda ikasemwa kwamba mapendekezo haya yanampa nguvu asiyeamini. Sisi twaona kinyume. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba vitu vyote ni viumbe na kwamba wapinzani wote ni wakanamungu, hajafundishwa kuitetea imani yake. Amefundishwa msamiati unaomkubalia. Siku atakapokutana na mpinzani anayeuliza maana ya kila neno, hatakuwa na silaha. Hoja iliyo ya kweli haihitaji kubebwa na kamusi. Kazi ya istilahi ni kuwapa wabishani wote wawili uwanja ulio sawa, kisha kuondoka katikati yao.