Bwana Laemmle na Kazi ya Mwenye Filamu

Tukitoka sinema tunataja majina ya wachezaji. Ni nani anayeuliza jina la yule aliyetoa feza na kuamua filamu itengenezwe? Lakini mtu huyo ndiye anayechagua tutaonyeshwa nini. Basi, leo tupime kazi ya mmoja wao: Carl Laemmle, mwanzilishi wa kampuni ya Universal.

Alizaliwa mwaka 1867 katika mji mdogo wa Laupheim, kusini mwa Ujerumani, katika jamaa ya Wayahudi. Alipokuwa na miaka 17 alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi miaka mingi katika duka la nguo huko Oshkosh. Mwaka 1906 alifungua jumba la sinema mjini Chicago. Siku zile kampuni kubwa, zikiongozwa na Edison, ziliungana na kumtoza kila mwenye jumba dola 2 kila juma. Laemmle alikataa. Mwaka 1909 alianza kutengeneza filamu zake mwenyewe. Akashtakiwa mara nyingi, wala hakurudi nyuma. Mwaka 1912 yeye na wenzake waliunda Universal, na mwaka 1915 wakafungua mji mzima wa kutengenezea sinema huko California. Mwaka ule ule korti iliamua kwamba muungano wa Edison ulivunja sheria.

Tunausifu ushujaa huo, lakini tusifiche makosa. Mwaka 1910 alitangaza gazetini kwamba adui zake wameeneza uvumi kuwa mchezaji wake, Florence Lawrence, amekufa. Wengi waliochunguza habari hiyo husema kwamba uvumi ulitoka kwake mwenyewe, ili watu wamzungumze bibi yule. Watu walikuja kwa wingi, ndiyo. Lakini uwongo ni uwongo hata ukijaza jumba.

Filamu iliyo bora kupita zote za nyumba yake ni ile ya mwaka 1930, iliyotolewa katika kitabu cha Remarque juu ya vita kuu ya kwanza. Vijana wa Kijerumani wanachochewa na mwalimu wao, wanakwenda vitani wakiimba, wanakufa mmoja mmoja. Mwishoni tunaona mkono tu ukinyoshwa kumfikia kipepeo. Risasi inalia, mkono unalala. Hakuna hotuba, na hotuba haihitajiki. Na tazameni: mtu aliyekuwa Mmarekani aliwaonyesha Wamarekani adui wao wa jana kuwa watoto wa mama kama wao. Filamu ilipewa tuzo kubwa ya Hollywood.

Mjini Berlin, Desemba 1930, wafuasi wa Hitler waliingia jumbani na Goebbels, wakatupa mabomu ya uvundo na kuachilia panya weupe. Baada ya siku chache serikali iliikataza filamu. Laemmle alifanya nini? Mwaka 1931 kampuni yake ilikubali kukata vipande ili filamu irudi Ujerumani. Hapo twaona mfanya biashara akimshinda mtu aliyetengeneza kazi ile. Soko la Ujerumani lilikuwa kubwa. Lakini ukikata ukweli kidogo ili kumtuliza mwenye fujo, kesho atadai zaidi.

Mwanawe alikuwa amepewa uongozi wa kiwanda akiwa na miaka 21 tu, na jamaa wengi walipewa kazi humo. Mwaka 1936 deni liliwashinda, wakapoteza kampuni.

Je, hadithi imekwisha? Sivyo. Mzee huyu, asiye na kiwanda tena, alianza kuandika dhamana kwa ajili ya Wayahudi wa Laupheim na wa mahali pengine, akiahidi kuwatunza kwa mali yake wakiruhusiwa kuingia Marekani. Mwaka 1938 konsuli wa Marekani huko Stuttgart alianza kuzikataa, kwani mzee alikuwa na miaka 71 na dhamana zilikuwa nyingi mno. Yeye aliendelea kuandika na kuomba. Watu zaidi ya 300 waliokoka. Alikufa Septemba 1939, vita vikiwa vimeanza tu.

Kwa maoni yangu, filamu ya mwaka 1930 yatosha kumpa heshima, na kosa la mwaka 1931 halifutiki; lakini zile dhamana zaonyesha kwamba alijifunza. Safari nyingine tukitazama sinema, tusome majina yote, hata la mwenye feza, tujiulize: amechagua kutuonyesha nini, naye ameficha nini?