Shujaa wa Nani?

Clement Ndulute aliitafsiri riwaya ya Chinua Achebe ya 1958 mwaka 1973 na kuiita Shujaa Okonkwo. Niliisoma nyumbani, Nalufenya, na jina hilo halikunikaa vizuri. Najua la asili, lililotoka katika shairi la Yeats, ni gumu kulihamisha. Ila Achebe alitaja kusambaratika kwa jamii nzima ya Waigbo; jina la Kiswahili limembakiza mtu mmoja, aliyejinyonga, ambaye mila inawakataza hata ndugu zake kumzika.

Kwetu Wagisu, kule Mbale, kijana wa imbalu hukikabili kisu bila kutetereka, lakini ukoo umemzunguka. Okonkwo alipomuua tarishi wa Wazungu, Umuofia iliwaacha matarishi wengine wakimbie. Akajua yuko peke yake.