Kasri la Mfalme John, au ghala la mfanyabiashara?



Ukipita Western Esplanade mjini Southampton, kusini mwa Uingereza, utauona ukuta wa mji wa zama za kati, na ndani ya ukuta huo sura ya nyumba: mlango na madirisha yaliyozibwa kwa mawe. Wenyewe huiita King John's Palace, yaani Kasri la Mfalme John. Mimi jina hilo silikubali, na si kwa sababu ya tarehe tu.

Tarehe peke yake ingetosha. Nyumba hukadiriwa kujengwa mwaka 1180 hivi. John alitawala 1199 hadi 1216, na hakuna ushahidi kwamba aliishi humo. Hii ni nyumba ya mfanyabiashara: chini ghala, juu makazi, mlango unatazama gati. Enzi hizo bahari ilifika pale pale. Barabara ya leo imepita juu ya ardhi iliyojazwa. Mvinyo ukiingia kutoka Ufaransa, sufu ikitoka.

Oktoba 1338 Wafaransa na Wagenoa wakauvamia mji kwa merikebu, wakaua, wakapora, wakachoma. Upande wa gati ukuta haukuwa umekamilika. Hapo ndipo wasimulizi wengi hutoa funzo lao, nasi tuna methali tayari mdomoni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini jamani, kwani ule ulikuwa ufa? Ule ulikuwa mlango wa riziki. Mji wa bandari haujifungii bahari kwa hiari yake.

Edward III akaamuru mji uzibwe, na kazi ikaendelea katika nusu ya pili ya karne ya 14. Upande huo wa magharibi nyumba zenyewe zikageuzwa kuwa ukuta. Milango ya gatini ikajazwa mawe, matao 19 yakajengwa mbele ya nyumba, na katika hii yetu yakawekwa matundu ya bunduki, ambayo ni miongoni mwa ya kale kabisa Uingereza. Ghala likawa ngome. Mji ukapata usalama, sawa. Lakini mwenye nyumba alilipa kwa mlango wake.

Hapo ndipo ugomvi wangu na lile jina. Ziba mlango wa kasri, mfalme atatokea kwingine. Ziba mlango wa ghala, mwenye mali apakulie wapi shehena? Ukimweka mfalme humo ndani, gharama yote ya ukuta huo inafutika, na msomaji anabaki na fahari tupu.

Leo zimebaki kuta zisizo na paa, na mtu huingilia bustani ya makumbusho ya Tudor House. Atakayefika, ushauri wangu aanzie nje, barabarani, autazame ule mlango uliozibwa. Ndio historia ya nyumba yenyewe. Jina mliache kibaoni.