Mzigo Unaojua Uendako

Seli ya neva inayokunja kidole gumba cha mguu haikai mguuni. Mwili wake umo ndani ya uti wa mgongo, juu kidogo ya kiuno. Kutoka hapo hutoa uzi mmoja mrefu, aksoni, unaoteremka pajani, ukapita nyuma ya goti na kuishia unyayoni. Kwa mtu mzima uzi huo hukaribia mita 1, ilhali ni mwembamba kuliko unywele. Protini nyingi za seli hiyo hutengenezwa juu huko, kwenye mwili wake, lakini zinahitajika hadi ncha ya chini. Zikiachwa zielee zenyewe kwenye majimaji ya seli, umri mzima wa binadamu hautoshi kuzifikisha. Ni lazima zibebwe, na tena zibebwe kuelekea upande unaotakiwa.

Mwaka 1948, Paul Weiss na Helen Hiscoe walibana neva za panya na kusubiri. Upande ulio karibu na mwili wa seli, neva ilivimba. Upande wa pili ikasinyaa. Walipoiachia, uvimbe ulianza kuteremka taratibu, milimita 1 hadi 2 kwa siku. Ikadhihirika kwamba ndani ya neva mna mwendo usiokoma. Baadaye ikajulikana kuwa huo ndio mwendo wa pole, na kwamba upo mwingine wa kasi unaoweza kufikia milimita 400 kwa siku.

Aliyetufungulia mlango wa kuutazama mwendo huo wa kasi ni ngisi. Ngisi ana aksoni nene ajabu, ya unene wa karibu milimita 1, na mtaalamu mwenye mkono mtulivu anaweza kuikamua nyama yake ya ndani ikatoka bila utando. Mwaka 1982, Scott Brady, Raymond Lasek na Robert Allen waliiweka nyama hiyo chini ya hadubini iliyofungwa kamera ya video. Seli ilikuwa imekwisha kupasuliwa, lakini vifuko vidogo viliendelea kupishana, vingine vikienda na vingine vikirudi, ilimradi vipewe ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli.

Njia yenyewe inaitwa mikrotubuli: mrija wa protini wenye kipenyo cha nanomita 25. Matofali yake yote yamepangwa yakitazama upande mmoja, hivyo kila mrija una ncha mbili zisizofanana. Ndani ya aksoni, ncha inayoitwa chanya huelekezwa mbali na mwili wa seli, mrija baada ya mrija, hadi mwisho. Basi protini yoyote inayoweza kuutambua mpangilio wa matofali hayo tayari inajua nje ni wapi na nyumbani ni wapi.

Mwaka 1985, katika kituo cha Woods Hole huko Massachusetts, Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz waliisaka protini hiyo. Walitumia kemikali inayofanana na ATP lakini isiyovunjika kirahisi, na protini iliyotafutwa ikang'ang'ania mikrotubuli bila kuweza kuachia, wakaivuna. Wakaiita kinesini. Kisha wakaotesha mikrotubuli kutoka kwenye kitovu kimoja, ncha chanya zote zikiwa nje, wakaweka shanga ndogo zilizopakwa kinesini. Shanga zikaondoka kitovuni kuelekea nje. Maji mabichi ya aksoni yaliweza pia kuzirudisha ndani, lakini kinesini safi haikuweza. Palikuwa na fundi mwingine. Mwaka 1987 Bryce Paschal na Richard Vallee walimtambua: ni daineini.

Hatua moja ya kinesini inastahili kutazamwa polepole. Kinesini ina vichwa viwili vinavyofanya kazi ya miguu. Cha mbele kimeshika mrija. ATP inapoingia humo, shingo yake hujikaza na kukirusha kichwa cha nyuma kikapita mbele ya mwenzake, kikashika. Mzigo umesogea nanomita 8, kwa gharama ya ATP moja. Mwaka 2004, Ahmet Yildiz na wenzake walikitia kichwa kimoja alama inayong'aa, wakaona kinaruka karibu nanomita 17, kinatulia wakati mwenzake akipita, kisha kinaruka tena. Hatua kama hizo zinaweza kufika 100 kwa sekunde. Kinesini moja huchoropoka baada ya hatua mia hivi, ndiyo maana mzigo mkubwa hubebwa na kadhaa kwa pamoja, kama gunia zito kwa mahamali: mmoja akiachia, wengine wameshika.

Kufika hakutoshi, lazima kuwe na mahali pa kusimama. Mitokondria, zinazotengeneza ATP, huunganishwa na kinesini kupitia protini ziitwazo Milton na Miro. Ncha ya neva inapofanya kazi kwa bidii, kalisi hujaa humo. Miro huihisi, kinesini hushindwa kuvuta, na mitokondria husimama papo hapo, penye njaa ya nishati. Uhitaji wenyewe ndio umeamuru. Hakuna msimamizi anayepiga kelele kutoka juu. Mwelekeo umo katika matofali ya njia, katika umbo la mbebaji, na katika hali ya mahali penyewe. Huo ndio ufundi ninaoustaajabia.

Njia ya kurudi nayo ina kazi zake. Daineini hupandisha takataka zikasagwe, na hupandisha habari kwamba misuli iko hai na imeunganishwa. Lakini haichagui abiria kwa nia yake. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia nevani penye jeraha na kupandishwa na daineini hiyohiyo kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo ni sehemu ya sababu ya ugonjwa kuchukua wiki au miezi kabla ya kujitokeza, na ya jeraha la usoni kuwa la hatari zaidi kuliko la mguuni. Anayeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku ileile. Chanjo hufaa ikitangulia. Virusi vikishafika ubongoni, imechelewa.