Pongezi kwa Soko la Darajani

Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904 enzi za Sultani Sayyid Ali bin Hamoud, linastahili heshima kuliko majumba mengi ya kifahari ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Lilisimama kando ya mkono wa bahari, uliofukiwa baadaye, uliotenga mji huo wa mawe na mitaa ya Ng'ambo, likazikutanisha pande zote mbili. Mnadani, pweza na changu humwagwa chini hadharani, bei ikapandishwa kwa sauti. Mwenye hoteli na mchuuzi husikia bei ileile. Wapo wasemao linanuka, limesongamana, lihamishwe. Harufu ipo, nani abishe? Lakini kuiondoa ni kazi ya maji na mifereji. Likihamishwa mbali, mnunuzi wa Ng'ambo atalipa nauli kwanza, kitoweo baadaye.