Elimu Ipi? Upokezi wa Wimbo wa Pink Floyd Kati ya London na Cape Town

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wimbo wa roki "Another Brick in the Wall (Part 2)" wa kundi la Pink Floyd la Uingereza ulivyopokewa London na Afrika Kusini kati ya mwaka 1979 na 1980. Hoja inayotetewa ni kwamba maana ya wimbo wa upinzani hukamilishwa na msikilizaji anayeuelekeza wimbo kwa mlengwa mahususi, na kwamba desturi ya kutunza katika taarabu inalieleza jambo hilo vizuri kuliko istilahi nyingi za kuazima. Makala inawahusu pia washauri wa sera wanaoshughulika na udhibiti wa nyimbo.

Utangulizi

Mwezi Mei 1980 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku wimbo ambao haukuitaja Afrika Kusini, haukuutaja ubaguzi wa rangi, wala haukutungwa kwa ajili ya nchi hiyo. Mwezi mmoja kabla, wanafunzi wa jimbo la Cape, hasa wale ambao sheria za nchi hiyo ziliwaainisha kuwa machotara, walikuwa wamegoma kuingia madarasani. Wimbo huo, uliokuwa ukivuma kwa kila mtu, weusi kwa weupe, ulikuwa vinywani mwao.

Mhakiki aliyezoea kuanza na matini hukwama hapa. Akiyapekua maneno ya wimbo, atakutana na mwalimu wa Kiingereza mwenye kejeli, darasa la wavulana na ukuta wa kitamathali. Hatamwona polisi wa Cape Town. Je, wanafunzi wale waliusoma wimbo vibaya?

Mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki hapati shida kubwa na swali hili. Katika ukumbi wa taarabu shairi hutungwa na mtu mmoja na kuimbwa na mwingine, lakini maana yake ya usiku ule huamuliwa na yule anayeinuka na noti mkononi pale ubeti fulani unapofika, akaenda kumtunza mwimbaji huku jicho lake likiwa kwa mtu mwingine kabisa. Mtunzi hakumjua mlengwa. Mwimbaji pengine hamjui. Ukumbi mzima unajua. Hans Robert Jauss aliita "upeo wa matarajio" yale ambayo msomaji anakuja nayo mbele ya kazi ya fasihi, na dhana hiyo inafaa. Hata hivyo, inamweka msomaji kitini akiwa ametulia. Anayetunza amesimama na anatembea, na kutembea kwake ni sehemu ya maana.

Wimbo wenyewe

"Another Brick in the Wall" una sehemu tatu ndani ya albamu ya The Wall, iliyotoka Novemba 1979. Sehemu ya kwanza inahusu baba aliyekufa vitani. Roger Waters, mtunzi, alimpoteza baba yake Anzio, Italia, mwaka 1944. Sehemu ya pili inahusu shule. Katika sehemu ya tatu mhusika mkuu, mwanamuziki aitwaye Pink, anajifungia nyuma ya ukuta alioujenga mwenyewe kutokana na majeraha hayo yote. Kwa anayesikiliza albamu nzima, kwa hiyo, shule ni tofali moja tu, na ukuta ni maradhi ya nafsi.

Lakini iliyouzwa peke yake kama santuri ya wimbo mmoja ni sehemu ya pili. Baba akaachwa nyuma, Pink akaachwa nyuma, ikabaki shule. Waters ameeleza mara nyingi kwamba aliwakusudia baadhi ya walimu wa shule yake ya Cambridge katika miaka ya 1950, wala si elimu kwa jumla. Maelezo hayo ni ya kweli na yana thamani yake, ila hayakuandikwa juu ya santuri.

Kiini cha mvutano ni nomino moja ya Kiingereza, ile inayotajwa mwanzoni kabisa mwa ubeti na kukataliwa kwa ukanushi maradufu wa lahaja ya watu wa kawaida. Wapo walioushika ukanushi huo na kudai kwamba, kwa kanuni za sarufi sanifu, wanaoimba wanakiri kuihitaji elimu. Ni mzaha wa walimu wa lugha, nao hauendi mbali. La msingi zaidi ni kwamba nomino hiyo haina kiashiria. Haisemi elimu hii wala elimu ile. Mfasiri wa Kiswahili akikutana nayo hulazimika kuchagua: aseme elimu, masomo, shule, au akubali kwamba mstari unaofuata, unaohusu kutawaliwa kwa fikra, tayari una jina lake katika Kiswahili, yaani kasumba. Akichagua "elimu" bila kiashiria, amemfanya nafsineni kuwa adui wa maarifa. Akiongeza "hii", amemfanya kuwa mkosoaji wa mfumo. Kiingereza kimeliacha pengo hilo wazi, na kila kundi la wasikilizaji lililijaza kwa mkono wake.

London: elimu yoyote

Sauti za watoto zinazosikika katika ubeti wa pili ni za wanafunzi 23 wa shule ya Islington Green, kaskazini mwa London, waliopelekwa studio na mwalimu wao wa muziki. (Inafaa kukumbukwa kwamba wimbo unaowashutumu walimu ulipata uhai wake kutokana na mwalimu mmoja mchangamfu, wa aina ambayo wimbo wenyewe hauonyeshi kuijua.) Sauti zao zilirekodiwa tena na tena na kulazwa moja juu ya nyingine hadi darasa moja likasikika kama shule nzima. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza wakati wa Krismasi ya 1979, na Marekani mwezi Machi 1980.

Wakuu wa elimu wa London waliona fedheha. Shule iliwazuia watoto wasionekane katika picha za kuutangaza wimbo. Shule ililipwa pauni 1,000. Watoto wenyewe hawakulipwa ujira. Wakuu hao walisikia nomino isiyo na kiashiria na wakajaza "yoyote": watoto wa shule ya umma wamefundishwa kuimba kwamba elimu yoyote haina faida. Kwa usomaji huo, hofu yao ina mantiki. Shule ya mtaa wa wafanyakazi inayopigania jina lake haina sababu ya kushangilia wimbo kama huo.

Kasoro ya usomaji wao iko katika kutouliza nani anaelekezewa. Walihukumu kauli kana kwamba ni ibara katika waraka wa sera, na kauli ndani ya wimbo haifanyi kazi hivyo.

Cape Town: elimu hii

Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliiweka elimu ya Waafrika mikononi mwa wizara ya Hendrik Verwoerd, aliyetamka wazi kwamba haikuwa na maana kumfundisha mtoto wa Kiafrika kutazamia nafasi ambazo hangeruhusiwa kuzishika. Machotara nao waliwekewa sheria yao mwaka 1963. Katika mwaka wa 1975/76 serikali ilitumia randi 644 kwa kila mwanafunzi mzungu, 139 kwa chotara na 42 kwa Mwafrika. Juni 1976 watoto wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Waliogoma mwaka 1980 walikuwa wadogo zao.

Madai ya mgomo yalikuwa ya darasani hasa: vitabu, majengo, walimu, na tofauti ya matumizi kati ya rangi na rangi. Huwezi kudai vitabu huku ukiikataa elimu. Wimbo ulipoingia katikati ya madai hayo ulipata kiashiria ulichokosa. Kilichokataliwa kikawa "elimu hii", hii ya randi 139, na kila aliyesikia watoto wakiimba nje ya lango la shule alijua kidole kimeelekezwa wapi. Noti ilikuwa mkononi na mlengwa alikuwa ukumbini.

Hapa inabidi kusemwa jambo ambalo si rahisi kulisema: wadhibiti wa Pretoria walikuwa wasomaji hodari kuliko wakuu wa elimu wa London. Wimbo ulikuwa ukipigwa nchini humo kabla ya mgomo na haukuwasumbua. Walichokipiga marufuku ni matumizi yake, na kwa kufanya hivyo walikiri, bila kutaka, kwamba ukuta unaoimbwa ni wao. Udhibiti wa nyimbo mara nyingi hudhaniwa kuwa zao la ujinga wa kifasihi. Katika kisa hiki ulitokana na ufahamu kamili, na ndiyo sababu unatisha.

Usomaji wa wanafunzi unathibitishwa na walichokifanya wakubwa wao nje ya nchi. Baada ya Soweto, vijana waliokimbia elimu ya Wabantu walifika Tanzania, na katika shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, lililotolewa na serikali ya Tanzania, chama cha ANC kikaanza kuwajengea shule mwaka 1978. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Aprili 1979. Waliokataa kusoma Soweto walibeba matofali Mazimbu ili wapate kusoma. Nchi iliyowapokea ilikuwa imekwisha kuihoji elimu ya kikoloni katika waraka wa Mwalimu Nyerere wa 1967, Elimu ya Kujitegemea, ambao nao hakuna aliyeuita waraka wa kupinga elimu.

Mipaka ya hoja

Je, basi wimbo una maana yoyote atakayo msikilizaji? Hapana. Anayetunza hawezi kuutumia ubeti wa mahaba kumsuta mdeni wake na ukumbi ukamwelewa. Lazima pawe na mshipa unaoshikika ndani ya shairi. Wanafunzi wa Cape Town waliushika mshipa uliokuwapo: sauti ya watoto wengi wakimkabili mtu mzima mwenye madaraka juu yao. Tarehe 21 Julai 1990, Waters alipoiimba albamu yote Berlin, katika uwanja wa Potsdamer Platz, miezi michache baada ya ukuta wa mji huo kufunguliwa, umma ulishika mshipa mwingine, yaani neno "ukuta" lenyewe. Usomaji huo ulipendeza macho, lakini ulikuwa mwepesi zaidi. Mlengwa alikuwa amekwisha kuanguka.

Mfano wa nyumbani unaonyesha kwamba hata mwenye mamlaka anaweza kuinuka kutunza. Machi 2017 Nay wa Mitego, msanii wa hip hop wa Tanzania, alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga marufuku. Siku iliyofuata Rais Magufuli aliagiza aachiwe na wimbo upigwe, akashauri waongezwe ndani yake wengine wanaostahili kusemwa, wakiwemo wakwepa kodi. Wengi waliliona tukio hilo kama ushindi wa uhuru wa sanaa. Kwa mtazamo wa makala hii, lilikuwa jambo jingine pia: kidole kiligeuzwa. Wimbo uleule ulirudishwa redioni ukiwa na mlengwa mpya uliopendekezewa, na kazi ya kuurudishia mlengwa wa kwanza wakaachiwa wasikilizaji. Mshauri wa sera anayeulizwa kama wimbo fulani "una matusi" au "unachochea" hupewa matini peke yake mezani. Anachopaswa kukidai, kabla ya kutoa neno, ni taarifa ya nani anauimba, wapi, na anamtazama nani. Akiikosa taarifa hiyo atarudia kosa la London. Akiipata, aelewe kwamba yuko karibu sana na kiti cha Pretoria.

Linabaki suala la watoto wa Islington Green. Katika usomaji wote uliotajwa, wao ndio waliotoa sauti na wao ndio ambao hawakuulizwa. Maneno waliwekewa kinywani na watu wazima, sura zao zikafichwa na watu wazima wengine, na ujira hawakuupata. Mabadiliko ya sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1996 yaliwapa waimbaji wa aina yao haki ya kudai sehemu ya malipo ya urushaji, na mwaka 2004 baadhi yao, wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, walianza kudai. Wenzao wa Cape Town hawakurekodiwa na studio yoyote. Walipoimba, waliimba kwa kauli yao, na waliomlenga aliwasikia.