Tanzia Bila Usomaji: Mvita na Kumbukumbu ya Wanafikra Wake

1. Hoja

Miaka ya karibuni imeipunguzia taaluma ya Kiswahili watu wake wakubwa. Ali Mazrui alifariki Oktoba 2014. Ahmed Sheikh Nabhany akafuata mwaka 2017. Na katika mwaka mmoja wa 2020 wakaondoka Euphrase Kezilahabi, mwezi wa Januari, na Ken Walibora, mwezi wa Aprili. Kila mmoja wao aliandikiwa tanzia nyingi. Makala hii inakusudia kuihakiki tanzia yenyewe, kwani nayo ni maandishi, na maandishi yoyote yastahili kupimwa kwa kazi yanayoifanya. Hoja ni kwamba tanzia ya kawaida humlilia mtu na kuyaacha aliyoyaandika. Mifano imechukuliwa Mvita, yaani kisiwa cha Mombasa pamoja na bara inayokizunguka. Na mwishoni hoja itapimwa Kipevu, upande wa Changamwe, mahali ambapo aghalabu hapatajwi fasihi inapozungumzwa.

Tanzia ya kawaida ina sehemu tatu: sifa za tabia ya marehemu, orodha ya vitabu na tuzo zake, kisha dua. Hapana ubaya katika lolote kati ya hayo, na heshima kwa maiti ni ada njema ya watu wa pwani. Lakini msomaji humaliza tanzia ya namna hiyo akijua kwamba marehemu alikuwa mpole na mkarimu, asijue alisema nini, wala alilosema lina ukweli kiasi gani. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema aliyekufa hawezi tena kulitia maji tembo lake. Wanaomsifu ndio wanaolitia.

2. Mfano wa Mwalimu Sikujua

Mvita inao mfano mwingine wa kukumbuka, nao ni wa zamani. Muyaka bin Haji alikufa mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa midomoni mwa watu, na yangaliweza kupotea pamoja na kizazi kilichomsikia. Yaliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye zaidi ya miaka 40 baadaye alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya, kuyaandika na kuyafafanua. Sikujua mwenyewe alifariki mwaka 1890. Kutokana na hati hizo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akachapisha uchunguzi wake mpana juu ya mshairi huyo.

Yafaa kutazama alichokifanya Sikujua. Alimkumbuka Muyaka kwa kuyapa mashairi yake maelezo: nani aliambiwa, kwa tukio gani, na neno fulani lilikuwa na maana gani katika Mombasa ya wakati ule. Bila maelezo hayo, mashairi mengi ya Muyaka yangekuwa mafumbo yasiyofumbulika, kwa sababu yalitungwa kwa watu walioishi pamoja na mtunzi na kuzijua habari zake. Hivyo basi, kumbukumbu ya Sikujua ni kazi ya uhakiki kabla ya kuwa kazi ya mapenzi.

Shihabuddin Chiraghdin aliifuata njia hiyo hiyo. Alipoihariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyotoka mwaka 1971, aliitangulizia maelezo yanayomfundisha msomaji namna ya kuyasoma mashairi. Alifariki mwaka 1976. Historia ya Kiswahili, aliyoiandika pamoja na Mathias Mnyampala, ilitoka mwaka 1977, wakati Mnyampala naye alikuwa amekwisha kufariki tangu 1969. Kitabu hicho kilifika mikononi mwa wasomaji waandishi wake wote wawili wakiwa kaburini. Hoja yake kwamba Kiswahili ni lugha ya wenyeji wa pwani haikuhitaji kuliliwa. Ilihitaji kujibiwa, kuongezewa ushahidi na kusahihishwa. Wanaisimu waliofanya hivyo ndio waliomuenzi, hata pale walipompinga.

3. Marehemu mbele ya mahakama

Ali Mazrui mwenyewe aliwahi kutoa mfano mkali zaidi. Katika riwaya yake The Trial of Christopher Okigbo ya mwaka 1971 alimfikisha mshairi wa Nijeria, aliyeuawa katika vita vya Biafra mwaka 1967, mbele ya mahakama ya ahera, ashitakiwe kwa kuitanguliza jamii yake mbele ya sanaa. Mtu anaweza kuikataa hukumu ya aina hiyo. Hata hivyo, mwandishi aliyeshitakiwa amesomwa, ilhali mwandishi aliyesifiwa tu huenda hajafunguliwa hata ukurasa mmoja.

Kipimo hicho kimrudie Mazrui. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alitoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930 ili awafikie watu wa Mombasa kwa lugha yao. Mwana alifika mbali zaidi ya baba, lakini vitabu vyake vikubwa, hata vile alivyoandika pamoja na Alamin Mazrui juu ya Kiswahili chenyewe, viko katika Kiingereza. Alizikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu, na mji ukamlilia. Je, wangapi miongoni mwa waliomlilia wangeweza kuzisoma hoja zake katika lugha waliyomlilia nayo? Swali hili halimvunjii heshima. Ni deni walilonalo wafasiri wa Kiswahili.

4. Funzo la sataranji

Watetezi wa uhakiki wa namna hii wanaweza kupata msaada mahali wasipopatarajia. Mchezo wa sataranji umepata nafasi katika baadhi ya shule za Afrika Mashariki, na habari za Phiona Mutesi, msichana wa Katwe jijini Kampala, zilienea duniani kwa filamu ya mwaka 2016. Katika mchezo huo mwanafunzi hukutana na wafu kila siku. Capablanca wa Kuba alikufa mwaka 1942 na Mikhail Tal wa Latvia mwaka 1992, lakini michezo yao imeandikwa hatua kwa hatua, na kijana huicheza upya, akasimama penye kosa na kuuliza: angalifanyaje hapa? Hakuna anayemkumbuka bingwa wa sataranji kwa upole wake. Fauka ya hayo, lugha yenyewe imekwisha kuuona udugu huo: neno shaha, lenye asili ya Kiajemi, ni mfalme katika sataranji, na ni mkuu wa washairi pia. Mwanafunzi awezaye kuirudia hatua ya Tal na kuitia kasoro anaweza kuurudia ubeti wa Muyaka vivyo hivyo, lau atapewa ubeti huo na maelezo yake.

5. Nabhany na maji ya Kipevu

Nabhany alitunga ili maarifa yasizikwe. Sambo ya Kiwandeo (1979) inahifadhi msamiati wa chombo cha baharini. Umbuji wa Mnazi (1985) unahifadhi msamiati wa mnazi, tangu kuota kwake hadi matumizi yake. Kumhakiki kwa haki ni kukubali pia kwamba si kila neno alilolipenda lilishika. Runinga imeshika Kenya, na Tanzania husemwa luninga, kwa kuwa vyombo vya habari vililitumia kila siku. Ngamizi, neno lililopendekezwa kwa kompyuta katika mkondo huo huo wa kufufua msamiati wa kale, halikupata watumiaji wa kutosha. Funzo ni kwamba neno haliishi kwa uzuri wake, bali kwa kazi linayopewa.

Hapa ndipo Kipevu inapoingia. Jina lake leo husikika kwa sababu ya gati ya mafuta, ambayo mpya yake ilifunguliwa mwaka 2022, mitambo ya umeme, na mtambo wa kusafisha majitaka. Mwanafunzi wa hapo ana bahari ubavuni, lakini maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, Marere katika Milima ya Shimba, visima vya Tiwi, na Baricho, kando ya mto Sabaki. Akifundishwa utunzaji wa maji, aghalabu hufundishwa kwa istilahi za Kiingereza, ilhali pwani ina maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu, hori na mkondo, kisima na birika. Kila neno kati ya hayo ni uchunguzi uliofanywa na mtu aliyeishi kwa maji na kuyahesabu.

Utungo juu ya maji ya Mombasa, uliojengwa kwa mbinu ya Umbuji wa Mnazi na kusomeshwa Changamwe, Likoni na Kisauni, ungekuwa kumbukumbu ya Nabhany yenye uzito kuliko tanzia kumi. Ungeijaribu mbinu yake mahali asipoishughulikia, na kuonyesha inapofaa na inapopwaya.

6. Hitimisho

Haikusudiwi hapa kwamba tanzia zikome. Kinachotakiwa ni kwamba majarida na idara za Kiswahili zisichapishe tanzia isiyokuwa na usomaji: kifungu kimoja cha marehemu kilichofafanuliwa, hoja yake moja iliyopimwa, na neno lake moja lililofuatwa hadi kwa watumiaji. Sikujua alimfanyia Muyaka zaidi ya hayo bila idara wala jarida. Wenye vyote viwili hawana udhuru.